Aliyechutama Kwenye Mibuni

Tunduma, Jumapili jioni

Tusekile mwanangu,

Kama unaisoma barua hii basi umeshaufungua mkoba wa bastola, na kama umeufungua basi ni kweli uliuchukua wewe. Nimeukuta chini kabisa ya begi lako, umeviringishwa ndani ya kile kitenge cha njano, mchana huu ulipokwenda Hasamba kumuaga bibi yako. Sitasema nilikuwa natafuta kitu kingine nikaukuta kwa bahati. Nilikuwa nautafuta huo huo. Najua haipendezi mama kupekua begi la mtu mzima wa miaka ishirini na nane, na ungenikuta ungenisema, na ningekubali kusemwa. Lakini sijakunyang'anya. Nimeurudisha ulipokuwa, nikaweka barua tu mahali panapokaa bastola. Nikiikunja mara tatu inaenea.

Usijiulize nimejuaje. Wiki iliyopita mwenyekiti wa mtaa alinisimamisha pale kwa fundi cherehani, akacheka kile kicheko chake ambacho sijawahi kukipenda, akasema, "Mama Tuse, hongera bwana. Naona binti anafuata nyayo."

Nikamuuliza, "Nyayo zipi?"

"Alikuja kuulizia utaratibu wa kuomba silaha. Nimemwambia alete picha, barua yake tutaijadili kwenye kamati. Hajakwambia?"

"Ameniambia," nikasema. Nikacheka naye, nikaaga, nikaenda moja kwa moja stoo. Msumari ulikuwepo, mkoba haupo.

Sikukuuliza. Nimekaa nalo wiki nzima, nikikutazama unavyokunja nguo, unavyofunga simu ukiniona naingia. Mimi ni mtu wa kushuku, unajua, umelelewa ndani ya shuku zangu. Basi leo nataka nikueleze shuku hizo zilikotoka, maana kesho asubuhi unapanda basi na sitapata tena nafasi ya kukukalisha. Mambo ya nguo, dawa za malaria na nani wa kumpigia ukifika, hayo unayajua kuliko mimi, siyagusi.

Nianze na bosi wako. Simwamini Sichone.

Alipokuja hapa kunisalimia, alikataa kiti ulichompa, akachukua kile kinachotazama mlango. Shati amelichomeka upande mmoja tu, upande wa kulia, ili bastola ionekane. Nikampa chai, akanywa kwa mkono wa kushoto. Akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi na Tuse. Kule Galula mimi naheshimika. Nanunua dhahabu ya watu, sijawahi kuguswa." Akajipapasa kiunoni. "Na siku nikisafiri kwenda Mbeya, hii hapa anabaki nayo yeye. Nani atamsogelea?"

Wewe ukatabasamu. Niliona lile tabasamu, mwanangu, na chai ikanishinda. Nalijua kwa sababu nimelivaa miaka mitatu.

Sasa nisikilize, hapa siongei kama mama, naongea kama mtu aliyewahi kumiliki. Bastola ya Sichone ni ya Sichone. Kibali kina jina lake, picha yake na namba ya silaha ile. Haiazimwi. Haiachwi kwa mke, haiachwi kwa mdogo wake, sembuse kwa msichana aliyemwajiri juzi. Siku atakayokukabidhi na kuondoka, wewe ni mtu anayemiliki silaha bila kibali, na kosa hilo halisemwi "nilikuwa namshikia bosi". Yeye anajua. Mtu hapati kibali bila kuambiwa hilo. Basi jiulize kwa nini anayejua anataka kukuachia. Nimejiuliza wiki nzima, na kila jibu ninalopata linaniudhi kuliko lililotangulia. Pengine ni majivuno tu ya mwanaume mbele ya mama wa mtu. Pengine anataka, siku kikinuka, kiwe kimenukia mkononi mwako.

Mimi nilianza vizuri, sitajisingizia. Unakumbuka baba yako alipofariki nikabaki na biashara ya mpunga. Nilikuwa nashuka Msangano msimu wa mavuno, nanunua, naleta Tunduma, Wazambia wanachukua. Mara ya tatu kushuka, vijana wanne walilaza gogo barabarani. Walichukua walichotaka, wakamvua dereva viatu, na mmoja akanipiga kibao. Kile kibao ndicho kilichoniuma. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, nilikwambia nimeanguka.

Nikaomba silaha kihalali. Barua ikaanzia mtaani, ikapita kamati ya kata, ikaenda wilayani, ikapanda juu huko. Nilichukuliwa alama za vidole, nikaulizwa kama nimewahi kushtakiwa, kama ninakunywa, kama nina ugomvi na majirani, na nyumbani wakaja kutazama nitaifungia wapi. Ilichukua miaka mpaka nikasahau kama niliomba. Halafu nikapelekwa kwenye mafunzo, na huko alikuwepo askari mmoja mtu mzima, mfupi, mpole wa sauti. Maneno yake nimeyashika mpaka leo, nayajua kama sala, na sikuyafuata.

Alisema, "Mama, silaha unapewa ya kujilinda, hupewi ya kujionesha. Ukitembea nayo iwe imefunikwa, na kitabu chako kiwe nawe. Usiingie nayo palipo na pombe. Usivuke nayo mpaka. Ukiwa huna kazi nayo, ifungiwe, ufunguo ukae nawe. Ikipotea, njoo siku hiyo hiyo. Ukifyatua hata moja, hata kama hukumpata mtu, njoo utuambie. Na siku ukifa, wanao wairudishe kituoni, hairithiwi kama shamba."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Afande, sasa ikifunikwa, mwizi atajuaje kama ninayo?"

Akasema, "Asijue. Akijua, atakuja akiwa amejiandaa."

Wote tulicheka. Nadhani mimi nilicheka zaidi, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshapanga mkanda wa kuivalia.

Mkoba huo ulionao nilishonewa na fundi viatu pale karibu na stendi. Ngozi nzuri, mshono mara mbili. Niliuvaa juu ya kitenge, Tuse. Juu, upande wa kulia, kila mtu aone. Ulikuwa unaniambia, "Mama, funika," nami nakujibu, "Nifunike nini, nimeiba?" Siku ya kwanza kutembea nayo sokoni nilihisi njia inapanuka. Wabeba mizigo ambao walikuwa wananipigia kelele, "Wewe mama, sogea!" sasa wananisubiri nipite. Mzani ukawa haunidanganyi. Wateja wa ng'ambo wakanibatiza Bamayo ba Mfuti, mama mwenye bunduki, na nikajifanya silipendi jina hilo.

Niliipenda, ndiyo kweli yenyewe. Niliipenda kuliko nilivyopenda mpunga. Sikwambii haya ili uone aibu, nakwambia ili siku ukihisi njia inapanuka mbele yako ukumbuke kwamba hata mama yako alisikia utamu huo, na haukuwa utamu wa bure.

Siku moja nilivuka. Unajua mpaka wetu ulivyo, unakwepa bajaji hapa, ukiinua macho uko Nakonde. Nilikwenda kumdai mteja deni lake, nikaingia dukani kwake, nikaegemea kaunta kama nilivyozoea. Yule baba akatazama kiuno changu, akatazama nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bamayo, bweleni. Bweleni sasa hivi, rudini kwenu, wakikuona hapa na hicho kitu mimi sikujui." Nilirudi nimekishika kitenge kama mtu aliyejichafua. Nilipofika upande wetu nikacheka, nikakusimulia na wewe ukacheka. Ilikuwa jela ile, mwanangu, nchi ya watu. Tukaicheka.

Lakini hayo ya sheria unaweza kuyasoma mwenyewe, umesoma kuliko mimi. Lisiloandikwa popote ni hili la shuku. Nilidhani bastola itanipa usingizi. Ikawa kinyume. Ukishakuwa na kitu cha kumjibu mwizi, unaanza kumtafuta mwizi. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nyuma yangu ilikuwa inanifuata. Mtu akiingiza mkono mfukoni kutoa simu, na mimi mkono unashuka. Nilimfukuza yule dereva aliyevuliwa viatu, mtu wa watu, kwa sababu nilijiambia lazima alikuwa na wale vijana, mbona walimwachia gari? Nilikuwa napenda kusema kikulacho ki nguoni mwako, nasema nikiwatazama ndugu, jirani, wafanyakazi, nawapima mmoja mmoja. Kilichokuwa nguoni mwangu nilikuwa nimekivaa mwenyewe na kukisugua kwa mafuta kila Jumamosi.

Sasa nafika pale nilipokuwa napakwepa. Nimesimama kwenda kutazama maharage jikoni mara mbili, na maharage hayana tatizo.

Osea aliyekuposa hakuwa na mke Nakonde.

Nisubiri nieleze. Usiikunje barua.

Unajua kwetu ukwe ulivyo. Mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Akikuona unakuja, anaacha njia. Anaingia pembeni, shambani, kwenye majani, anachutama, anageuza uso, anapiga makofi ya salamu polepole mpaka upite. Siku hizi vijana wa mjini wanafupisha, wanainama kidogo basi, lakini watu wa Hasamba bado wanafanya kama zamani, na familia ya Osea ni watu wa kanisa na wa mila pamoja. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilifanya hivyo kwa babu yako. Nilikuwa na mimba yako ya miezi minane, nina ndoo ya maji kichwani, nikamwona baba mkwe anakuja kwenye njia ya kisimani. Nikaingia kwenye mibuni na ndoo yangu, nikachutama, nikashindwa kuinuka. Mzee wa watu akapita anatazama mbinguni, akafika nyumbani akamwambia bibi yako, "Kuna mtu kisimani anahitaji kuvutwa." Kisa hicho tumekicheka miaka yote. Basi jua kwamba ninayekuandikia si mgeni wa jambo hili. Nililijua kwa magoti yangu.

Ule mwezi walipoleta mshenga na posa ikapokewa, nilikwenda Hasamba kwa mjomba wako Yohana kutazama mahindi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, hakuna hata ukungu wa kusingizia. Nilikuwa napita ile njia nyembamba kati ya mashamba ya kahawa, peke yangu, mkoba kiunoni. Mbele yangu, kama hatua thelathini, kijana anakuja. Aliponiona alisita. Halafu akatoka njiani haraka, akaingia kwenye mibuni, akapotea chini.

Osea nilikuwa sijawahi kumwona uso. Ningemwona wapi, na ndiyo mila yenyewe? Nilikuwa najua jina na ukoo na kwamba unampenda. Lakini hata kama sikumjua uso, mwanamke yeyote wa Hasamba mwenye binti aliyeposwa, akiona kijana anaacha njia na kuchutama, angejua. Angevuta kitenge, angepita taratibu akitabasamu moyoni. Mimi niliona gogo la Msangano. Niliona vijana wanne wameficha mmoja kwenye mibuni. Nikasikia kitu kinagonga huko chini, pa, pa. Nikatoa nikafyatua.

Yale yalikuwa makofi, Tuse. Alikuwa ananisalimia.

Risasi ilipita juu yake, ikakata tawi la mbuni, likamwangukia mgongoni. Sikumpata. Nashukuru Mungu kila siku kwa mkono wangu mbovu. Lakini hujasikia lililonivunja. Baada ya mlio, ndege wamenyamaza, mimi nimesimama nimeinyoosha bado, nikayasikia tena. Pa. Pa. Pa. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo, tawi mgongoni, uso ameugeuzia huko, na bado anapiga makofi. Nadhani hakujua afanye nini kingine. Amefundishwa kwamba mbele ya mama mkwe hunyanyuki wala huongei, basi hakunyanyuka wala hakuongea.

Yohana alikuja mbio na jembe. Akaona kule chini, akaniona mimi. "Dada! Dada, umefanya nini? Huyo si mkweo?"

Nikaiweka bastola chini. Ndiyo mara ya kwanza mkono wangu kuiachia bila kuambiwa.

Wazee walikaa siku hiyo hiyo. Yohana alizungumza sana, alizungumza kwa ajili yangu, na nilimwacha. Akasema dada yake ni mjane, aliwahi kuvamiwa, kifo hakikutokea, haya ni mambo ya nyumba mbili, tusiyapeleke kwa serikali. Upande wao wakakubali kunyamaza, wakaapa mbele ya mzee wa kanisa, na Osea akaapa pia. Ila baba yake alisimama akasema neno moja: "Tunanyamaza. Lakini mtoto wangu haingii kwenye ukoo ambao ataacha njia apigwe risasi." Posa ikarudishwa.

Nikarudi Tunduma nikakukuta unajaribu kitambaa cha sare. Ulifurahi nilivyoingia, ukaniuliza, "Umewaona?" Na mimi, mtu niliyekuwa nashuku uongo kila mahali, nikakutengenezea wa kwangu hapo hapo mlangoni bila hata kukaa. Nikasema nimeambiwa Osea ana mke na mtoto Nakonde. Nikasema mteja wangu amewaona. Nikaweka na jina la mtaa. Ulilia siku nne, ukafuta namba yake, na alipopiga kwa namba nyingine ukakata. Alikuja mpaka hapa mlangoni mara moja, wewe uko sokoni. Alisimama mbali, kichwa chini, hakunitazama. Nikamwambia umehamia Mbeya. Akaenda.

Ndivyo nilivyofanya. Silaha ilifyatua mara moja, mimi nikaendelea.

Baada ya miezi miwili niliipeleka kituoni. Nikasema biashara imepungua, sina haja nayo tena. Afande wa zamu akapokea, akafungua daftari, akahesabu risasi mezani kwa kidole. Akarudia. "Mama, hapa inapungua moja."

"Nilifukuza nyani shambani," nikasema.

"Ulitoa taarifa?"

"Sikujua kama hata ya nyani inatolewa."

Alinitazama muda mrefu. Nikamtazama pia, nimezoea kutazama watu. Akaandika. Aliandika nyani. Mkoba hakuutaka, akasema ngozi ni ya kwangu. Ningeutupa kwenye mtaro pale pale nje. Sikuutupa kwa sababu ulikuwa mzuri na mshono wake mara mbili, na kwa sababu kuna kipande changu ambacho bado kilitaka kuutazama. Nikautundika stoo. Wewe ukaukuta hapo, ukadhani ni kumbukumbu ya mama hodari.

Kumbe nimekuacha uishi kwenye uongo huo. Tangu hapo umekuwa mtu wa kusema wanaume wote waongo, tena unasema ukinitazama mimi kama shahidi wako. Akija kijana mwenye adabu unamtafutia mke wa siri. Unakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, umeona? Unafunga simu nikiingia. Nilidhani umenirithi sura tu. Na sasa umeenda kuulizia barua, na umechukua mkoba, na kuna mtu amekuahidi cha kuweka ndani yake.

Sikukatazi kwenda Galula. Kazi ni yako, akili unayo, na dhahabu ni biashara kama mpunga, ina wezi wake na ina watu wake. Na ukiona kwa macho yako mwenyewe kwamba unahitaji silaha, iombe kwa jina lako, ukae kwenye kamati wakuulize maswali ya kuudhi, ukafunzwe, ungoje. Kule kungoja nilikuwa nakudharau, sasa naona ndiyo sehemu iliyokuwa na maana, inakupa muda wa kujiuliza unamwogopa nani. Lakini ya Sichone usiishike hata kuisogeza juu ya meza. Mwambie hivyo siku ya kwanza, mbele ya watu, kwa heshima. Akicheka, angalia anavyocheka. Akikasirika, una nauli ya kurudi na una nyumba.

Kesho ukishapanda basi nakwenda kituoni. Sijui kama afande yule bado yupo na sijui watanifanya nini, miaka minne imepita. Nitasema hakuwa nyani. Yohana nimemwambia leo kwa simu, amenifokea, anasema nafukua kaburi, mficha uchi hazai umeujulia uzeeni. Mwache. Wewe barua hii unayo, imeandikwa kwa mkono wangu na jina langu liko chini. Ni kitu cha kunifunga, nimekiweka kwenye begi lako na sijabaki na nakala. Ukitaka kuipeleka mahali, ipeleke. Kwa miaka mingi sijamwachia mtu kitu cha kuniumiza, nakuachia wewe.

Utataka kujua habari zake. Ameoa, mwaka wa pili sasa, msichana wa kule kule, wana mtoto wa kike. Wanasema anafanya vizuri na kahawa. Sikuandikii ili umtafute, na wala siamini ungefanya hivyo. Nakuandikia ili ujue hakukudanganya hata siku moja.

Nilikutana naye mwezi uliopita nilipokwenda kumwona bibi yako. Njia ile ile, mibuni ile ile, imepogolewa. Alikuwa anakuja na baiskeli. Nilimjua kutoka mbali, sasa uso wake naujua. Nikasimama. Nadhani kuna ujinga fulani ndani yangu uliokuwa unangoja atoke njiani, nikavuta na kitenge kabisa, tayari kupita.

Hakutoka. Alikuja mpaka mbele yangu, akasimama wima, akanitazama usoni, akasema, "Shikamoo mama," kama anavyomsalimia mama yeyote wa barabarani. Nikaitikia. Akapita.

Mama yako,
Eliza